Nguo ya Safari ya Mama Mkwe

Nichekeni tu, maana mimi mwenyewe kucheka kumenishinda.

Mama mkwe alipohamia kwetu hapa Igoma, nilimpa chumba cha watoto, chenye kabati dogo lililong'oka mlango. Akapanga kanga zake, na chini kabisa akaweka shuka jeupe, jipya, lililokunjwa vizuri.

"Hiyo ni nguo yangu ya safari," akaniambia. "Usiiguse."

Wiki iliyopita akaenda Magu kumsalimia dada yake. Shuka akaliacha. Nikasema moyoni: kama hata Magu hakwenda nalo, basi hana haja nalo. Nami macho yalikuwa yananiwasha. Tangu maduka yajae vitu vya nje, majirani wote wana mapazia ya maua, na mimi nina kabati linalokenua kama kibogoyo.

Basi nikalipanga upya. Nikalikata lile shuka, nikalidarizi maua mekundu, nikalitundika pale penye pengo la mlango ili kanga za mama zisipigwe na vumbi. Nikajisifu peke yangu: fundi wewe!

Jana akarudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kwa kuwa haoni vizuri, nikamshika mkono mpaka kwenye kabati.

"Hebu shika pazia lako jipya!"

Akapapasa kitambaa, akafika kwenye pindo. Kisha akakaa kitandani taratibu, bado amelishika ua langu.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "sasa mtanizika na nini?"