Folda ya Takataka

Folda ile niliipa jina Takataka, na ningependa ijulikane mapema kwamba sikuwa na dharau yoyote. Nilihitaji jina la haraka. Kila kitu ambacho programu ilikichuja kutoka kwenye muziki kilipaswa kwenda mahali, na mimi ni mtu nisiyeweza kufuta kitu. Hata barua pepe za kunijulisha kwamba kazi amepewa mwingine ninazo zote.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya mambo ya data lakini bado naishi Kensington, dakika tano kutoka chuoni, kana kwamba nikihama watasahau kuwa nilihitimu. Nyumba ilikuwa ya mama mmoja wa Kiayalandi, mwenye miaka karibu themanini, aliyekuja Sydney akiwa msichana. Yeye alikaa chini. Vyumba viwili vya juu alivipangisha: kimoja changu, kingine cha dada mmoja Mkongomani wa Bukavu aliyefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Huyo dada nilimwita yaya, kama wanavyomwita kwao mtu aliyekuzidi umri, ingawa kwetu Kenya yaya ni mtu wa kulea watoto, na jambo hilo lilininyima raha wiki nzima ya kwanza.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyenishinda kabisa. Siku niliyohamia aliniambia nimwite kwa jina lake, jina tupu, kama wafanyavyo watu wa hapa. Kisumu ukimwita mtu wa umri ule kwa jina tupu, wazazi wako wataulizwa walikulea vipi. Kwa hiyo kwa miezi minane sikumwita chochote. Nilisubiri anitazame ndipo nianze kusema. Yaya alimwita Mama tangu dakika ya kwanza, naye akaitika.

Baridi ilipokuwa inaelekea kwisha, boksi lilifika kutoka Ayalandi. Kaka yake alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na yeye hakuweza kwenda kuzika kwa sababu ya nyonga. Mpwa wake ndiye aliyemtumia. Ndani mlikuwa na kanda kumi na tisa za kaseti. Marehemu alikuwa dereva wa gari la mikate, na kila likizo alizunguka na kinasa sauti kwenye nyumba za wazee wapiga fidla, akakiweka sakafuni, akakiacha kirekodi. Juu ya kila kanda aliandika kwa penseli neno moja tu, jina la kaunti. Kumbe Ayalandi nayo ina kaunti, kama sisi.

"Wewe ni mtu wa kompyuta," mama alisema. "Niwekee hizi mahali ninapoweza kuzisikiliza. Kaka yangu yumo humu. Nataka kumsikia tena."

Ningeweza kumuuliza: yumo vipi? Swali la maneno mawili. Lakini niliona nikiuliza atajua kwamba sijui, na akijua kwamba sijui atampa mtu mwingine. Nikasema hakuna shida.

Redio kaseti niliipata Bankstown, kwenye duka la mitumba, baada ya kujaribu nne mbele ya muuzaji aliyekuwa amekwisha kunichoka. Nilisafisha vichwa vyake vya kusomea kanda kwa pamba na spiriti. Kisha nikatafuta programu inayotenganisha sauti: inaweka ala unayoitaka katika faili moja, na mengine yote katika faili la pili. Saa ya ukutani, viti, vikombe, mvua, mbwa, na kishindo fulani cha chinichini ambacho hakikukoma katika kanda yoyote, vyote vilikwenda Takataka. Ilibaki fidla peke yake, safi kama imepigwa studio. Nilijivunia kazi ile, na mimi sijivunii mambo ovyo.

Kwa kusikiliza sana nilianza kuzijua. Kwa Kiswahili kanda ni ile inayoingia kwenye redio, na kanda ni eneo vilevile, kama Kanda ya Ziwa. Mle ndani maana zote mbili zilikuwa pamoja. Fidla ya Donegal, kwao mama, ilikwenda kwa mikato mifupi, kila noti na mvuto wake wa upinde, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Ya Clare haikuwa na haraka, na ilikuwa na huzuni isiyodai chochote. Ya Kerry ilirukaruka kiasi kwamba nilijikuta natingisha kichwa. Nilizitofautisha jinsi ninavyomtofautisha Mkongomani na Mtanzania pale kanisani Merrylands kabla hawajamaliza salamu.

Ila kaka mtu sikumpata. Nilirudia kanda zote, nimevaa vipokea sauti, kidole kwenye kitufe. Alikuwepo mwanamke mwenye kutaja majina ya nyimbo. Alikuwepo mzee mwenye kikohozi, na mtu aliyecheka mara moja, lakini kicheko kilikuwa cha kike. Nikaanza kujiuliza kama nimemfuta kwa bahati mbaya. Nikaanza kujiuliza kama ameniambia "yumo" na mimi nikasikia vibaya. Mama alikuwa ameniuliza mara mbili kama kazi imekwisha, na mara mbili nilisema bado kidogo.

Asubuhi moja nilimngoja yaya sebuleni atoke zamu.

"Yaya, hayumo."

"Nani haiko?"

"Kaka yake mama. Nimesikiliza zote. Hakuna mahali anaposema hata neno."

"Basi umwambie haiko."

"Nikimwambia itakuwa kama nimemzika mara ya pili."

"Eh, Mungu wangu!" Alikuwa ameinama anavua viatu vya kazi. "Mudogo wangu, wewe unafikiri mpaka chai yako inapoa, na ya jirani pia. Mi niko na wazee kila siku. Habari mubaya wanaibeba. Kitu hawabebi ni mutu kuwazungukazunguka. Shuka, umwambie."

"Nilikuwa nafikiria labda nimwandikie ujumbe."

"Mama iko hapo chini ya ngazi, unamwandikia message?" Alinitupia soksi, na Kifaransa juu yake. "Mais wewe!"

Jumapili hiyo, tulipotoka kanisani kila mtu kwake, nilishuka na kompyuta na spika mbili ndogo. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya aina tatu, marefu, ya kati na mafupi. Mama alivaa sweta yake nzuri. Hilo liliniumiza kabla hata sijabonyeza kitu.

Nikamwekea Donegal. Alifumba macho, akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayengoja hodi mlangoni. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili. Wa tatu ulipoisha alifumbua macho.

"Nzuri sana," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa zawadi ya viatu visivyomtosha. "Safi sana. Na yeye yuko wapi?"

Maelezo yote matatu yalinitoka kichwani.

"Mama, hayumo." Neno Mama lilitoka lenyewe. "Nimemtafuta kanda zote. Hasemi popote."

"Hasemi?" Alinitazama, halafu akacheka hadi akashika meza. "Ulikuwa unatafuta sauti yake? Mtoto wa watu! Kaka yangu alikuwa na kigugumizi. Kwenye nyumba za watu hakufungua kinywa hata kuomba maji. Unadhani ile mashine aliinunua ya nini? Ilimpa sababu ya kukaa na watu bila kuongea." Akaelekeza kidole chini. "Mtafute sakafuni. Yule hakuweza kusikia fidla mguu ukatulia. Baba alimfukuza jikoni mara ngapi kwa sababu ya ule mguu! Na kinasa sauti alikiweka hapo hapo miguuni pake. Hukuusikia?"

Niliusikia. Niliusikia katika kanda zote kumi na tisa.

Mjomba wangu hupiga orutu, fidla yetu ya waya mmoja, na mguuni hufunga njuga tunazoziita gara. Nikiwa mdogo nilimwona harusini kamba ya njuga ikikatika, na uwanja mzima ukasimama, ingawa waya ulikuwa bado unalia. Watu hawakujua tena wakanyage wapi. Mimi niliyeona hayo kwa macho yangu ndiye niliyekaa Kensington na kuuita mguu wa mtu uchafu.

"Nimeutoa," nilisema.

"Umeutoa wapi?"

"Kwenye muziki. Nilidhani ni kelele."

Aliangalia mikono yake, akazungusha pete.

"Wote?"

"Wote. Lakini sikuufuta. Upo kwenye folda." Niliona heri nimalize. "Folda inaitwa Takataka."

"Ndiyo nini?"

Nikamtafsiria. Masikio yalikuwa yanawaka.

"Basi," alisema, "fungua hiyo takataka."

Nilifungua faili la Donegal, lile la mabaki. Kwanza palikuwa na mchakacho wa kanda. Kisha saa ya ukutani. Kiti kikalia. Halafu mguu ukaanza, bila fidla yoyote juu yake: kiatu kizito kwenye sakafu ya mawe, sawasawa, kikiharakisha kidogo pale ambapo wimbo, usiosikika tena, lazima ulikuwa umepanda. Ulikuwa mguu wa mtu mwenye furaha.

Mama aliweka kiganja mezani kana kwamba anataka kuuhisi kwa chini.

"Huyo," alisema. "Huyo ndiye."

Tulisikiliza zaidi ya saa moja. Alimsoma kama mimi ninavyosoma barua za waajiri, ila yeye alipatia. Kule Kerry kaka mtu alipiga kisigino na ncha, ncha na kisigino. Katika wimbo mmoja wa polepole mguu ulibaki nyuma ya mlio wa saa ya ukutani, na mama akasema amekula akashiba. Kwenye kanda moja ya Clare mguu ulibadilika, ukawa laini, unasikika kwa shida.

"Hapa amevua viatu," mama alisema. "Kuna mtoto amelala nyumba hiyo."

Nilidhani anatunga. Dakika mbili baadaye, ndani ya Takataka, mtoto akalia, mlango ukafunguliwa, na mguu ukasimama kabisa mpaka kilio kilipotulia. Kisha ukaanza tena, taratibu zaidi. Mama alikuwa analia na kutabasamu, na mimi niliangalia kitambaa cha meza kwa sababu sikujua mtu wa kiwango changu cha kujuana naye anaruhusiwa kuangalia wapi. Yeye ndiye aliyenishika mkono.

Nilimwambia naweza kuunganisha mafaili mawili tena, fidla na mguu, kama vilivyokuwa kwenye kanda. Alisema niunganishe, nimtumie mpwa wake. "Lakini mimi niachie hii. Fidla zile nazijua zote."

Nilijitolea kuibadilisha jina hiyo folda. Alikataa. Alikuwa amekwisha kujifunza neno, na analitamka kwa lafudhi ya kwao, kwa mikato mifupi: ta-ka-ta-ka. Sasa akitaka nimwekee huniita kutoka chini ya ngazi kwa neno hilo, nami hushuka bila kuandaa sentensi.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye ngazi na kikombe changu yaya aliporudi kutoka zamu. Jikoni mguu ulikuwa unakwenda, wa Donegal, na mama anaimba wimbo wake juu yake bila maneno, huku anasuuza sahani. Yaya alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Mama," aliuliza, "kuna mwanaume humo ndani?"

"Yupo," mama akajibu. "Kaka yangu. Vua viatu uingie."