Kija na Stempu za Mamboya

Kija wa Tindiga alikuwa na ng'ombe, shamba la mpunga, na kaunta buku tatu zilizojaa stempu. Ng'ombe na mpunga majirani walivielewa. Stempu ziliwashinda.

Hakutaka za nchi nyingine. Alikusanya za Tanzania tu: twiga, karafuu, vipepeo, na kadi za posta zenye picha za mbuga. Alianza akiwa darasa la nne, siku baba yake alipopata barua kutoka kwao Shinyanga, nayo imebandikwa stempu ya samaki. Baba alitaka habari za nyumbani; Kija alimtaka samaki. Tangu hapo akajifunza kukata pembe ya bahasha, kuiloweka mpaka gundi iachie, kisha kuianika stempu juu ya gazeti. Mkewe, Kishiwa, alishazoea kukuta bakuli lake la mboga lina tembo wanaoelea.

Siku moja, sokoni Kilosa, dada mmoja aliyekuja kununua mchele wake alimsikia akiulizia barua za zamani. Dada huyo aliitwa Yudith.

"Bibi yangu kule Mamboya ana sanduku zima," alisema. "Ila haligusi mtu."

Jumamosi iliyofuata Kija alipanda pikipiki mpaka Mamboya. Bibi mwenyewe, Costancia, alikuwa barazani akichambua maharage kwa vidole, uso ameuelekeza kwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watokea wapi?"

"Tindiga. Ila kwetu ni Shinyanga."

"Mtu wa Shinyanga! Na ng'ombe umewaacha wapi?"

"Nyumbani, mama. Nimekuja peke yangu."

Bibi akacheka. Kija akamweleza haja yake.

"Barua zangu hazikatwi," bibi akasema.

Kija akashukuru, akainuka kuaga.

"Kaa kwanza. Kusoma unajua?"

Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili, mwaka wa nne sasa hajasoma hata mstari. Yudith alikuwa akimsomea, lakini alisoma kama mtu anayefukuzwa. Wakapatana: kila barua Kija atakayoisoma mpaka mwisho, stempu yake ni yake.

Basi akawa anakwenda mara mbili kwa mwezi. Barua nyingi zilikuwa za marehemu mume wa Costancia, Alfred, aliyekuwa kibarua wa barabara Mikumi. Kija alisoma polepole, nyingine akizirudia. Kuna kadi ambamo Alfred alilalamika kwamba tembo wameingia kambini wakamaliza maboga yote, wakaacha sufuria tupu. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

"Haya, kata yako," alisema, akimnyooshea mkasi.

Kija aliigeuza kadi ile. "Hii siikati, mama. Upande wa pili kuna picha. Nikikata, tembo atabaki hana kichwa."

Siku nyingine, chini kabisa ya sanduku, alikuta bahasha ambayo haijafunguliwa. Stempu yake ilikuwa ya kipepeo wa buluu, na mhuri wa Mikumi umetua vizuri pembeni. Hakuwa na nzuri kama hiyo.

"Hii bado imefungwa, mama. Nyuma imeandikwa Kasian."

"Irudishe," bibi akasema.

Akairudisha. Lakini njia nzima ya kurudi Tindiga yule kipepeo hakumtoka akilini, na aliona aibu kwa hilo.

Alipokwenda tena, bibi alianza mwenyewe. Kasian ni mdogo wake wa kiume. Mama yao alipofariki, alifika siku tatu baada ya mazishi, na Costancia akamsema mbele ya watu. Baadaye alipiga simu, dada mtu hakupokea. Ndipo akaandika. Ilikuwa miaka tisa iliyopita.

"Fungua," akasema.

Kija aliipasua kwa kisu, taratibu. "Dada, sina la kujitetea. Ningeweza kuwahi. Niliogopa kumwona mama amelala. Huku Mikumi nimejenga, na chumba cha mbele ni chako siku ukija. Kwa simu sitakusumbua tena."

"Rudia hapo pa kuogopa."

Akarudia.

"Alikuwa hivyo tangu mdogo," bibi alisema kwa sauti ya chini. Kisha, kama aliyezinduka: "Stempu ni yako, chukua."

Kija hakushika mkasi. "Mwishoni kuna namba, mama. Nijaribu?"

Iliita muda mrefu kabla mzee mmoja hajaitikia. Costancia aliishika simu kwa mikono miwili, halafu akaanza kuongea Kikaguru. Kija hakuelewa neno. Akatoka uani, akakaa kwenye kivuli cha jiko mpaka alipoitwa.

Wiki iliyofuata alimpeleka Mikumi kwa basi. Kasian alikuwa stendi amevaa koti, jua kali lile, kofia ameishika mkononi.

"Shikamoo, dada."

Costancia aliinua mkono, akampapasa shavu, kisha bega. "Marahaba. Umekonda."

Nyumbani, chumba cha mbele kilikuwa kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa shuka jipya. Bibi aliketi, akavua viatu, akavisogeza chini ya kitanda.

"Kija, wewe wahi basi la saa tisa," alisema. "Mwambie Yudith mahindi ayapalilie mwenyewe. Mimi nipo huku kwanza."