Njia Zilizokutana Patupu

Jirani yangu hapa Ipagala anafuga kuku wa mayai nyuma ya ukuta wetu, na upepo ukigeuka mchana, harufu ya banda lake inaingia mpaka jikoni kwangu. Ni harufu kali, inachoma pua na kutoa machozi. Wapangaji wangu wanawalaani kuku. Mimi kuku nimeshawasamehe. Nikikunja uso na kufunga dirisha kwa kishindo, ni kwa sababu nyingine kabisa, maana kwangu mimi hiyo ni harufu ya ramani.

Ngoja nikueleze, usije ukadhani uzee umenipanda kichwani. Zamani, kabla ya mashine hizi za kisasa, nakala za ramani zilitolewa kwa dawa iliyonuka mkojo uliolala. Karatasi ikitoka hapo ilibaki na ile harufu muda mrefu. Mara ya kwanza kuinusa nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, miaka michache baada ya uhuru, nimesimama juu ya bampa ya landrova ya serikali mbele ya boma letu. Nimefundisha darasani karibu maisha yangu yote, na kila tulipofika kwenye somo la ramani nilihisi kichefuchefu. Wanafunzi walidhani mwalimu anaumwa.

Boma letu lilikuwa upande wa Chamwino, mbali kidogo na barabara. Tuliishi kwenye tembe. Kama hujawahi kuingia kwenye tembe, ni nyumba ndefu iliyoinama, kuta zake za miti na udongo, na paa lake ni tambarare, la magogo na fito zilizofunikwa udongo huohuo wa pale nje. Mvua zikianza, majani yanaota juu ya paa, na mbuzi mtundu anapanda kula. La kwetu lilizunguka zizi la ng'ombe. Humo zizini alizikwa babu, na baba yake kabla yake, kwa sababu kwetu mwenye boma alilazwa katikati ya ng'ombe wake. Hakuwekewa jiwe wala msalaba. Ng'ombe walipita juu yake asubuhi na jioni, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyebaki mkubwa wa pale. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa, na alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote. Aliisimulia akipeta uwele, ungo ukipanda na kushuka, makapi yakituingia machoni sisi wajukuu tuliokaa upande wa upepo kwa ujinga wetu. Ilikuwa hadithi ya ndege.

Enzi za Mwingereza, alisema, ng'ombe walichukuliwa sana. Wakati wa vita walikuja watu wa serikali wakaswaga mifugo ya watu kwa bei waliyoipanga wao, na wale waliobaki walihesabiwa kwa ajili ya kodi. Basi kiangazi kimoja baada ya vita ikatokea ndege angani, haisafiri kwenda mahali kama ndege nyingine, bali inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, kama mtu anayelima matuta. Wazee wakasema hao wamekuja kuhesabu ng'ombe kwa juu. Siku ya pili, ule mngurumo uliposikika tu, watu wakaswaga ng'ombe wote kwenye vichaka vya miiba. Mioto ikazimwa. Watoto wakafungiwa ndani.

Hapo Bibi aliweka ungo chini, kwa sababu sehemu iliyofuata ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyegundua kwamba paa la tembe ni udongo, haliwezi kuonekana, lakini ua na zizi vimekanyagwa mpaka vimekuwa vyeupe, na vitang'aa. Akawaambia wanawake watandaze mabua ya uwele kila mahali. Wakatandaza. Ndege ikapita juu yao, ikarudi, ikapita tena, ikaondoka zake. "Tukawafumba macho," Bibi alisema, na alicheka mpaka akashika mbavu. Nasi tulicheka, ingawa hadithi tuliijua yote. Ng'ombe wale hawakuhesabiwa, na Bibi aliheshimika kwa hilo mpaka mimi nazaliwa.

Sasa turudi kwenye landrova. Ilikuja asubuhi, wakati baba anakamua. Ndani yake walikuwamo dereva, vibarua wenye shoka na minyororo ya kupimia, na bwana mmoja kijana wa idara ya upimaji ardhi, suruali imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Hakuwa Mzungu. Nasema hivi kwa sababu miaka mingi nilitamani angekuwa Mzungu, ili chuki yangu ikae mahali rahisi. Alikuwa mtu wetu, mwenye umri wa kumwamkia Bibi shikamoo, na hakumwamkia. Bibi alimwambia "Mbukwenyi," salamu ya kwetu, naye akajibu kwa kuangalia saa.

Bibi akamletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, maana mgeni ni mgeni. Bwana yule alikitazama kibuyu, akatazama nzi waliokizunguka, akatoa leso na kuziba pua. Alisema ameshakunywa chai. Nakumbuka Bibi alivyobaki amekishika kile kibuyu kwa mikono miwili, hajui akiweke wapi. Kisha bwana yule akatia leso mfukoni, akatandaza ramani yake juu ya boneti, na mimi niliyepanda bampa kuchungulia nikapigwa na ule uvundo wa mkojo. Nilishangaa kwelikweli. Zizi letu lilinuka samadi, harufu tuliyolala nayo na kuamka nayo, lakini karatasi yake ilinuka kuliko zizi lolote nililowahi kuingia, na ile hakuizibia pua.

Maneno yake hayakuwa mengi. Eneo lote lile, kutoka korongoni mpaka kilimani, limetengwa kuwa shamba kubwa la serikali. Vibarua watapanda mawe ya mipaka wiki hiyo. Baba akauliza sisi je. Bwana yule akaweka kidole kwenye ramani.

"Ramani inaonyesha pori," alisema. "Haionyeshi makazi. Kwa hiyo ninyi ni wavamizi."

Baba alimwambia alizaliwa pale. Yule akamwambia ramani ilichorwa kitaalamu, kwa picha za ndege, na wakati wa kupigwa picha hapakuwa na mtu. Baba akamchukua mpaka zizini kumwonyesha walipolala wazee. Nilifuata nyuma. Bwana yule alikanyaga kwa ncha za viatu, akasimama getini, akazungusha macho.

"Makaburi yako wapi?" akauliza. "Mimi naona samadi."

Baba akanyoosha mkono, pale na pale. Hapakuwa na cha kuona, na kwetu hilo lilikuwa jambo la kawaida. 

Ndipo Bibi alipojitosa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno "ndege" alilielewa, na uso wake ukanawiri. Alidhani amepata ushahidi. Akamsogelea yule bwana akamwambia ndege anaijua, ilipita hapa hapa, wao walikuwapo, waliiona kwa macho yao. Akamweleza ng'ombe walivyofichwa, mioto ilivyozimwa, mabua yalivyotandazwa. Alisimulia vilevile kama alivyotusimulia sisi, na alipofika kwenye kufumba macho akacheka, akitegemea na yeye atacheka.

Kweli alicheka, kidogo, kwa pua.

"Mlijificha kukwepa kodi," alisema. "Basi, Bibi, mmejifuta wenyewe."

Alikunja ramani, akaingia kwenye gari, na vibarua wakaanza kufyeka. Kibuyu cha maziwa Bibi alikuwa amekiweka kwenye kivuli cha gurudumu, na landrova ilipogeuka ikakipasua. Nzi walijaa pale mpaka jioni.

Tulihamia karibu na barabara kabla ya mvua. Trekta lilipita kwenye boma, likapita kwenye zizi, na baba alikwenda kuangalia. Shamba lenyewe, ikiwa unataka kujua, lililimwa misimu michache, likashindwa, likaota miiba. Likawa pori kama ramani ilivyotaka. Hakuna aliyerudi kutuambia lolote, na yale mawe ya mipaka yalibaki yamesimama kulinda miiba.

Lakini kilichoniuma utotoni hakikuwa hicho. Kilikuwa Bibi. Hadithi ya ndege haikusikika tena. Siku moja mdogo wangu, ambaye hakuelewa mambo, aliiomba. Bibi aliendelea kupeta kama hakusikia, kisha akasema kwa Kigogo, taratibu, kwamba mikono iliyotandaza mabua ni hii. Aliitazama ile mikono kwa namna ambayo sitaki kukumbuka. Shangazi zangu walimwambia si kosa lake, na yeye aliitikia kwa kichwa tu. Mambo yote mabaya yaliyotukuta pale barabarani, ng'ombe waliokufa kwa kukosa malisho, baba kuanza kunywa, aliyabeba yeye. Niseme ukweli, hata mimi nilimwamini yule bwana. Nilidhani ni ujanja wa Bibi uliotuponza.

Nilipofika darasa la juu nilipelekwa mjini, nikakaa Chang'ombe kwa shangazi. Siku moja mwalimu wetu wa jiografia aliingia na karatasi kubwa iliyoviringishwa, akaitundika ubaoni. Kabla hajasema neno, pua yangu ilishajua. Harufu ilikuwa imefifia, lakini ni ileile. Ramani yenyewe ilikuwa ya upande wa kwetu, imeachwa shuleni na wakoloni. Mwalimu akatufundisha alama zilizoandikwa chini yake: mstari huu unaojipinda ni mto, hii miwili iliyoandamana ni barabara, na hivi vidoti vyeusi vilivyofuatana ni njia ya miguu.

Vidoti hivyo nilikuwa nimeviona. Nilipokuwa juu ya bampa, pale kidole cha yule bwana kilipogota, niliona mistari ya vidoti inakuja kutoka pande zote na kukutana mahali pamoja, kama ukindu unavyokutana kwenye kitako cha kikapu. Nilidhani ni mapambo. Sasa nikanyanyuka bila ruhusa nikaenda ubaoni. Korongo hili hapa. Kilima hiki. Na mistari ilikuwa palepale, imechorwa kwa mkono usiotetemeka, yote inaelekea sehemu moja, na kwenye sehemu hiyo hapakuwa na alama yoyote. Karatasi ilikuwa nyeupe.

Likizo ilipofika nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi, hata mzigo sijatua vizuri. Alikuwa amezeeka, macho yana ukungu. Nilimwambia nimeiona ramani, na njia zetu zimo.

"Njia zipi?" akauliza.

"Za miguu. Mlizopita ninyi na ng'ombe."

"Ya kisimani?"

"Ipo, Bibi."

"Ya malishoni, inayozunguka kilima?"

"Ipo."

"Ya kwa dada yangu?"

"Nayo ipo. Zote zipo."

"Njia hatukuzifunika," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. "Nani angefunika njia?" Kisha akauliza, "Zinakutana wapi?"

"Kwetu. Zizini."

"Na hapo wamechora nini?"

Nikamwambia hawakuchora kitu.

Nilikuwa nimeibeba habari ile kutoka mjini kama zawadi. Nilitegemea atafurahi, mzigo umshuke. Bibi alikuna kwa vidole ukingo wa ungo uliokuwa mapajani mwake.

"Kumbe waliona," akasema.

Akajiinua, akaenda mpaka mwisho wa ua, akatema mate. Akarudi akaketi, akanitaka nimsogezee uwele.

Siku ile nilimwona kama mzee aliyenuna, nikakasirika kwamba hata asante sikupata. Ilinichukua miaka kuelewa nilichomtua na nilichomtwika. Alikuwa ameishi akijua kwamba aliwashinda werevu wakubwa, na kwamba ushindi huo ulimgharimu boma. Ulikuwa uchungu, ila ulikuwa wake. Mimi nikamletea habari kwamba hakumfumba mtu macho. Palikuwa na mchoraji mmoja kwenye meza safi, mbali sana na nzi wetu, aliyeziona njia za miguu yetu kwenye zile picha za ndege, akazifuata moja moja kwa kalamu mpaka mlangoni, akafika, akainua kalamu. Hakujiuliza miguu ile ilikuwa inakwenda kwa nani. Na yule kijana wa viatu vinavyong'aa alikuwa na vidoti hivyohivyo chini ya kidole chake alipotuita wavamizi, na alama zake alizisomea. Nimejaribu kuwachukia watu hawa, lakini kinachonijia ni kinyaa.

Baada ya likizo ile Bibi alirudi kuisimulia hadithi ya ndege, mpaka alipofariki. Mabua yalitandazwa vilevile, mioto ilizimwa, ndege ilikwenda na kurudi. Ila kicheko hakikuwamo tena, na mwisho aliongeza kwamba ndani ya ndege watu walituona, kisha aligeuza kichwa na kutema mate. Siku hizi naisimulia mimi, hapa Ipagala, dirisha likiwa limefungwa. Wajukuu zangu hawajawahi kuingia kwenye tembe, na boma lile hata mimi siwezi kuwaonyesha lilipokuwa. Lakini nikifika pale ndege inapoondoka, wanatoka nje bila kuambiwa, wote, hata yule mdogo, na wanatema.