Jinsi Nilivyompa Babu Yangu Kilima cha Lihuhu

Habari hii nimeiandika mara mbili nikaichana kwa aibu, na hata sasa sina hakika kama naikumbuka sawasawa, lakini nitajaribu nisimwonee mtu.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuruhusiwa, na mmoja alifika kwetu Ukata na mgeni kutoka Welisi, nami nikafanywa mkalimani (Kiingereza changu nilikiokota jikoni kwa wamisionari kule Liuli, kinatosha kuandaa chai, si zaidi). Tukipanda mlima, mgeni akanieleza majina ya kwao: likianza na aber, hapo ni mdomo wa mto, likianza na llan, hapo pana kanisa, ingawa zamani llan ilikuwa kiwanja tu chenye ua, kanisa likaja baadaye. Nikaona wivu kidogo, kwamba kwao kila jina lina habari yake.

Akaonyesha kilima mbele yetu. "Na hiki?"

"Lihuhu."

"Asili yake?"

Ningesema sijui, yangeishia hapo. Nikasema babu yangu ndiye aliyekifyeka kwanza akakipa jina. Akaandika.

Asiye Mmatengo ajue kwamba kwetu kilima ni cha ukoo wa aliyekifyeka kwanza, na Lihuhu hiyohiyo baba yangu mdogo alikuwa akiigombania na Mzee Kapinga, shauri liko barazani. Nilijua. Sikufikiri tu.

Kesho yake, kwenye mkutano wa wakulima, mgeni akasimama kushukuru, akafungua daftari akawa anasoma nami natafsiri, milima mizuri, watu wakarimu, mpaka akafika Lihuhu nikanyamaza. Akadhani sikusikia, akarudia kwa sauti zaidi.

"Mkalimani, anasemaje?" akauliza Mzee Kapinga kutoka benchi la mbele. "Nimesikia Lihuhu mara mbili."

"Anakisifu kilima, mzee."

"Sifa gani hizo zinazokutoa jasho?"

Watu wakacheka. Nikatafsiri, kicheko kikakatika. Baba mdogo akaruka: "Mnasikia? Hata Wazungu wameandika!" (Simlaumu, hakujua.) Mwenyekiti wa baraza akanyoosha mkono apewe daftari, nami nikaona shamba la mtu linaondoka kwa mdomo wangu.

"Maneno hayo ni yangu," nikasema. "Nimeyatunga jana njiani. Nani alifyeka kwanza, mimi sijui."

Kisha ikabidi niyaseme tena kwa Kiingereza, ambako sikuwa na maneno ya kujifichia. Mgeni akaufuta mstari wake taratibu, akaomba nimwulize Mzee Kapinga asili ya kweli ya jina hilo.

Mkutano mzima ulimsubiri mzee, na jibu lolote lingemfaa.

"Mwambie sijui. Nililikuta."

Baba mdogo hakunisemesha mpaka mavuno, na alikuwa na haki. Nami tangu hapo nikiulizwa jina la mahali popote najibu kama mzee yule, hata la kitongoji nilichozaliwa, ambalo nadhani nalijua.