Neno Nililomwandikia Bi Mwanaidi

Usiku ule nililala na kosa ambalo wakati huo nililiita utaratibu. Lilikuwa neno moja tu. Kwenye orodha ya nyumba zilizoezuliwa na kimbunga, mbele ya jina la Bi Mwanaidi, nilikuwa nimeandika: "Amekataa."

Tulikuwa kundi la vijana wa kujitolea kutoka Dar es Salaam, tumekwenda kwenye kisiwa kidogo cha kusini, na mimi ndiye niliyesimamia mapaa. Kuezeka nilijifunza mwenyewe kwa kutazama video. Kwa kuwa sina cheti, naogopa kukosea kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana niliweka sharti: nyumba ikiezekwa, wenyewe wahamie shuleni, bati lisije likamwangukia mtu. Bi Mwanaidi hakuhama. Shemeji yake, Bwana Makame, alisimama mlangoni akanijibu, "Yuko ndani. Hatoki." Nikamwambia asipotoka hatuezeki. Akanitazama, akaondoka zake.

"Injinia wa simu," mwenzetu Rehema alinitania jioni, "hata kuuliza kwa nini hujauliza?"

"Nikimuuliza kila mtu sababu zake tutamaliza lini?"

Nilikuwa nimechoshwa na kila kitu: misumari inayopinda, wenzangu wanaokata mbao kwa kukadiria, mawingu yanayojikusanya kila siku. Nikalala nimenuna.

Nikaota napima paa. Tepu inatoka, inazidi kutoka, haifiki mwisho. Namwita Rehema ashike upande wa pili, lakini anayeshika ni Bibi yangu, aliyefariki nikiwa kidato cha pili. Amekunja uso kama alivyoukunja ukimletea chai isiyo na tangawizi.

"Acha kupima," anasema. "Nani yuko ndani?"

Nataka kumwonyesha orodha, ila paa halipo tena. Mimi ni mtoto, nimesimama mlangoni mwa chumba chake na bakuli la uji. Babu amekufa. Bibi kavaa nguo nyeupe, amekaa eda, na nimeshaambiwa: miezi minne na siku kumi mjane habanduki nyumbani kwake. Mvua inaanza kunyesha humohumo chumbani. Natazama juu, naona turubai tunalofunikia mapaa limechanika. Uji unajaa maji. Bibi hasogei.

"Bibi, toka basi!" napiga kelele. "Hamia shuleni, utaloa!"

"Nitoke niende wapi na eda yangu?" Anasonya. Bibi alijua kusonya, mpaka unahisi umevuliwa shati mbele za watu. "Mimi nimekataa nini, mjukuu wangu? Niambie. Nimekataa nini?"

Natafuta kifutio. Kila nikifuta karatasi inatoboka, na kila tundu linavuja juu ya kichwa chake.

Nilizinduka fulana imelowa jasho. Kumeshakucha. Sikungoja chai, nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Makame, nikamkuta anakata kamba.

"Shikamoo. Bi Mwanaidi amekaa eda?"

"Marahaba. Leo ndiyo unauliza?" Aliendelea kukata kamba. "Kaka yangu kaangukiwa na ukuta siku ya kimbunga. Kisiwa kizima kinajua. Tukadhani na nyie mnajua, mmeamua tu."

Nilimwomba radhi, nikamuuliza tufanyeje.

"Nyumba ina vyumba viwili, kijana. Ezekeni kimoja, yeye akae kingine. Mkimaliza tunamhamisha, pazia katikati. Kuna ugumu gani?"

Hakukuwa na ugumu wowote, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Tulianza asubuhi ileile, tukapigilia msumari wa mwisho alasiri, mvua ikiwa imeshaanza kudondoka. Ukingo mmoja wa bati ulikaa upande. Bi Mwanaidi sikumwona. Nilisikia tu sauti yake nyuma ya pazia: "Wanangu, pale juu ya mlango palikuwa pakivuja tangu enzi za marehemu. Msipaache, tafadhali."

Hatukupaacha.

Siku hizi siandiki neno juu ya mtu kabla sijamuuliza mwenyewe, au aliye karibu naye. Kazi zangu zinachelewa, na wenzangu wanalalamika.