Sindano ya Mabawa

Juma lililopita mjukuu wangu aliniletea kikapu kilichofumuka ukingo, hapa nyumbani kwangu Ilomba, akaniomba nikirekebishe. Nikavuta kopo langu la bati, nikatoa sindano ndefu kupita kiganja changu, nyembamba, iliyong'aa kwa kushikwa. Akauliza nimeinunua wapi. Sindano hii hainunuliwi, rafiki yangu. Ilitoka Ulaya, kwenye kiwanda cha ndege cha Wapolandi, na imepita mikononi mwa wanawake watatu ambao hawakupenda kuonewa. Mimi ndiye wa tatu. Na kuna mtu hadi leo sijamsamehe, ingawa alikufa zamani, na sina mpango wa kumsamehe.

Nilikulia karibu na Ifunda, upande wa Iringa, miaka ya hamsini. Kama uliwahi kuishi kule unaijua baridi ya mwezi wa sita, ukungu unaoingia hadi jikoni na kukaa na ninyi mkila majani ya maboga. Nililelewa na bibi yangu mzaa mama. Alikuwa msusi wa vikapu vya milulu, yale majani ya bondeni, na vikapu vyake vilibana mpaka watu walimimina togwa ndani kubishana kama vitavuja. Siri yake ilikuwa kuvuta. Kila uzi aliuvuta kwa mkono, kisha akaukaza kwa meno. Mimi nikiacha ulegee, alinigonga vidole na kuniuliza kama ninasuka kikapu au tenga la kuku.

Jirani yetu alikuwa Mpolandi. Wakati wa vita Waingereza walileta Wapolandi wengi, wakawaweka kambini pale Ifunda. Kambi ilipofungwa wenzake waliondoka, mmoja huku mwingine kule, yeye akabaki. Alisema nchi yake imejaa wakaguzi. Alifanya kazi kwa setla wa tumbaku ambaye mashamba yake yalipakana na yetu, akitengeneza trekta, pampu, na ndege ndogo ya yule bwana. Jioni alikuja kwetu kunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, akiamkia "kamwene" kama Mhehe wa kuzaliwa, anakaa kwenye kigoda magoti yakimfika kidevuni. Hapo ndipo nilipoisikia historia ya kiwanda chao, kidogo kidogo, msimu mzima wa ulanzi.

Kiwanda hakikuanza na ndege. Kilianza na mitungi mikubwa ya shaba ya kupikia pombe kali. Bibi alipolisikia hilo alicheka hadi akaweka kikapu chini.

"Kumbe walianza na gongo," alisema.

"Gongo, mama. Lakini mtungi yetu ilikuwa haivuji."

Nchi yao ilipojipatia uhuru baada ya vita vya kwanza, serikali ilitaka ndege, na mwenye kiwanda akaona kwamba mafundi wake wataweza. Ndege za mwanzo waliziunda kwa michoro ya nchi nyingine, nazo zilianguka vibaya, marubani wakaziita majeneza. Mafundi wakaumia, wakajifunza, wakachora za kwao, na hizo zikaruka. Mpolandi alikuwa kijana wa useremala, anachonga mbavu za mabawa. Mama yake alikuwa kwenye ukumbi wa washonaji, maana ndege za wakati ule zilikuwa mifupa ya mbao iliyovikwa kitambaa, na kitambaa kilishonwa kwa mkono, sindano ikizama juu na kutokea chini.

Kisha akaja mkaguzi wa serikali. Alipita akigonga mabawa kwa kidole, akaandika kwamba hayafai. Ndege zilizokamilika zikakaa uwanjani, hazipokelewi. Washonaji wakafukuzwa kwanza, mama yake akiwamo, kwa madai kwamba mshono wao ni dhaifu. Mwenye kiwanda akafilisika, serikali ikakichukua kiwanda na kukipa jina jingine. Baada ya hapo, Mpolandi alisema, mabawa yale yale yakaanza kufaa. Mama yake alirudi nyumbani na sindano yake, akafa bila kushona tena. Vita vikaja, Wajerumani wakakipiga kiwanda kwa mabomu, na yeye akasombwa na dunia mpaka Ifunda, sindano ikiwa kwenye pindo la koti.

"Mkaguzi ile sijasahau," alituambia. "Hata uso yake."

"Kwa nini usahau?" bibi akamjibu. "Alikuja kukuomba radhi?"

Basi mwaka mmoja fahali wa setla alitoboa bawa la ndege kwa pembe. Mpolandi akamwomba bibi ashone kitambaa kipya. Tukaenda banda la ndege, bawa limelazwa juu ya magogo. Bibi alisimama kwa juu na sindano ile, mimi nikalala chali chini ya bawa. Yeye aliizamisha, mimi niliipokea, nikaizungusha kwenye ubavu wa mbao, nikairudisha. Mshono mmoja ulihitaji watu wawili, na wala sitaki uniite msaidizi, maana bila mkono wa chini hakuna mshono. Bibi alivuta kama alivyojua kuvuta. Tulimaliza tukiwa na fahari, kitambaa kimebana vizuri kabisa.

Mpolandi akapaka dawa yake, ile ya kukaza kitambaa, inanuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kesho yake tulikuta mbavu tatu zimevunjika na bawa limejikunja. Alishika kichwa. Kumbe kitambaa cha ndege hakivutwi. Unakiacha kilegee, maana dawa ikikauka ndiyo inayovuta, na ukiongeza mvuto wa msusi wa milulu juu ya mvuto wa dawa, mbao hazivumilii. Kosa la namna hiyo mshonaji wa mjini asingelifanya. Akachonga mbavu nyingine kimyakimya setla asijue, bibi akashona upya kwa kujizuia, uso ameukunja kama anayekula shubiri. Bawa likatoka zuri. Setla aliwaambia wageni wake kwamba limeshonwa na mzungu Nairobi.

Hilo tungelimeza. Lakini baada ya mavuno ya tumbaku yake yule bwana alitaka uwanja wa ndege uwe mrefu zaidi, na urefu aliutafuta kwenye shamba la bibi. Alikuja na trekta asubuhi, mahindi ya kuchoma yakiwa bado mabichi. Mwishoni mwa shamba palikuwa na kaburi la babu, mawe manne na mmea wa katani. Bibi alisimama mbele ya trekta, akamwomba aache kipande kile tu. Sikupata kumwona bibi akiomba kabla ya siku ile, na nilimchukia setla kwa hilo kuliko kwa shamba. Alisema ndege haiwezi kukwepa kaburi la mtu. Vibarua wake wakamvuta bibi pembeni kwa mikono, trekta likapita, likarudi, likapita tena, mpaka pakawa sawa kama meza. Mawe manne waliyatupa korongoni.

Bibi hakulia. Alirudi nyumbani akaanza kikapu kipya, na siku zile alivuta nyuzi mpaka zikamkata midomo.

Mvua za mwanzo zilikuja na mawe, zikaikuta ndege nje, zikalichana bawa la pili. Setla akaamuru lishonwe haraka, apate kuonyesha uwanja wake mpya. Mpolandi alikuja kwetu akiwa ameshika kofia, akasema ataelewa bibi akikataa.

"Nitashona," bibi alisema. "Lakini nitashona Kihehe."

Nilikuwa naosha vyungu, nikaacha.

"Yule bwana hataruka nayo?" bibi akauliza. "Sitaki mtu aanguke."

"Haitoki bandani mpaka imekauka," alisema. "Funguo iko kwangu."

Ndugu yangu, sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama siku zile mbili. Bibi alizamisha sindano, mimi nikairudisha, tukavuta. Alivuta kwa ajili ya shamba, akavuta kwa ajili ya mawe manne, na mimi chini pale nilijifunga uzi kiganjani na kuning'inia kwa uzito wangu wote. Alama ninayo bado. Tulipomaliza, Mpolandi akapita taratibu kando ya bawa akiligonga kwa kidole, hatua kwa hatua, namna ambayo bila shaka aliiona kwa mtu mwingine zamani. Setla alikuwa mlangoni, anauliza kama kazi inafaa.

"Inafaa, bwana," Mpolandi akasema. Setla alipoondoka, akatugeukia. "Leo mkaguzi ni mimi."

Akapaka dawa, akarudia mara ya pili, ya tatu na ya nne. Akafunga banda.

Kesho yake mchana jua likawaka, nasi tulikaa nje ya banda tukichambua maharage. Ubavu wa kwanza ulilia kama bisi chunguni. Bibi hakuinua macho. Ukafuata wa pili, kisha nyingine kwa mpigo, na mwishoni mlio mmoja mzito wa boriti ile kuu inayobeba bawa zima. Setla alikuja mbio, akatukana, akamshika Mpolandi ukosi. Mpolandi alimwambia mbao za zamani zimechoka na ndege haifai tena. Hapakuwa na fundi mwingine wa kumpinga. Ndege ikabaki bandani, kuku wakaatamia kwenye kiti cha rubani, na yule bwana akarudi kupanda lori lake lenye vumbi.

Mpolandi alifukuzwa. Siku ya kuondoka alimpa bibi sindano, akasema mama yake angefurahi. Bibi alimpa kikapu. Hatukumsikia tena.

Uwanja ukaota majani. Bibi akarudi na jembe, akapanda maboga, na hakuna aliyekuja kumzuia. Lakini kaburi hatukulipata. Tulichimba tukitafuta dalili, tukabahatisha. Mwishowe bibi aliingia bandani, akatoka na ubavu mmoja uliovunjika wa bawa, akausimika pale alipokisia.

Nilipita huko mwaka juzi. Banda halipo, ubavu ulishaliwa na mchwa, na hata korongo limejaa miti ya mbao ya watu. Bibi mwenyewe amelala kwenye makaburi ya kanisa, mbali na mumewe. Watu wa dini wananiambia nimwachie Mungu. Nimemwachia mengi. Hili nimebaki nalo.

Nikatunga uzi, nikaushona ukingo wa kikapu, nikavuta, kisha nikakaza kwa meno niliyobakiwa nayo.

"Bibi, utakata uzi," mjukuu akasema.

Nikamwambia aache maneno, aje ashike upande wa chini.