Siku Tisa za Kumpandisha Wino

Saa tatu kasoro asubuhi. Bi Hatua amepiga magoti ndani ya trela tupu, anagonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, ubao baada ya ubao, sikio ameliinamisha kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Mbao zinazotoa sauti kavu anazipita. Mmoja unalia kwa uzito. Anauchokonoa kwa ncha ya bisibisi, anainuka, anaurukia mara tatu kwa uzito wake wote.

"Mzima," anasema akijipangusa magoti. "Lakini niliwahi kusema hivyo hivyo bila kuangalia."

Hatua ishirini kutoka hapo amesimama Wino, farasi jike mweusi wa miaka kumi na tisa. Masikio yake hayatulii. Jasho linang'aa shingoni ingawa jua bado halijakolea. Hajapanda trela kwa miaka kumi na mmoja, na leo hana budi kupanda.

Zizi hili, ambalo kwa miongo mingi lilikuwa shule ya kuendesha farasi, linafungwa. Kiwanja kimeuzwa na kesho mashine za kubomoa zinaingia. Farasi wengine ishirini na watano wameshaondoka. Vyumba vyao viko wazi, na juu ya kila mlango umebaki msumari uliokuwa ukishikilia kibao cha jina.

"Huyu asipopanda leo, daktari wa mifugo ataitwa jioni," anasema Bi Hatua kwa sauti ndogo. "Na hataitwa kuja kumtibu."

Mama huyu wa miaka 58 amefanya kazi hapa kwa miaka 33. Jina la utani alipewa na wanafunzi wa shule hiyo, kwa kuwa hana amri nyingine kwa farasi isipokuwa, "Hatua moja. Moja tu." Kazi hiyo imemvunja mbavu tatu na mtulinga mmoja. Ukimuuliza kuhusu mbavu anacheka. Ukimuuliza kuhusu baba yake, anaweka bisibisi chini kwanza.

Baba yake alikuwa saisi, neno la zamani la mtunza farasi, katika zizi hili hili. Familia iliishi katika vyumba viwili nyuma ya ghala la nyasi kavu. Saa ya ukutani hawakuwa nayo. Kulipokucha, mlio wa kwato kwenye mawe ya uani ndio uliowaamsha watoto kwenda shule.

"Sisi tulinuka farasi tangu kuzaliwa," anakumbuka. "Darasani hakuna aliyetaka kukaa na mimi. Nikirudi nyumbani nalia, baba ananiambia, 'Nenda kakae na farasi, wao hawajalalamika.'"

Mkono wa kulia wa mzee huyo ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilikwenda na kamba, siku aliyoizungushia kiganjani na farasi akashtuka. Hakuacha kuvionyesha vile visiki kwa kila mfanyakazi mpya. Kamba ishike ikiwa imekunjwa, alikuwa akisema, usiivae kama bangili.

Lakini somo ambalo Bi Hatua hajalisahau alilipata akiwa na miaka tisa. Baba alimfunga kitambaa machoni, akamshika mkono na kumzungusha uani hadi akapotewa na mwelekeo.

"Nikashtukia nakanyaga kitu kinachopanda juu, cha mbao, kinalia *ndu*, tena kinatikisika. Nilipiga kelele, nikataka kukimbia. Baba akanifungua macho. Nilikuwa kwenye ubao wa kupandia trela, ule ule niliouchezea kila siku. Akaniambia, 'Ndivyo anavyosikia yeye. Sasa niambie, ungependa nikuchape?'"

Baba alipofariki, Bi Hatua aliomba nafasi yake. Mwenye zizi alimkatalia. Hiyo, alisema, ni kazi ya wanaume. Alimpa kazi ya kufua matandiko ya farasi. Aliifanya mwaka mzima, mpaka wanaume wanne waliposhindwa kumpandisha trelani dume mmoja aliyekuwa amenunuliwa na watu wa mbali.

Watu bado husimulia kwamba alimnong'oneza yule dume neno, akapanda. Bi Hatua huikanusha hadithi hiyo akipunga mikono yote miwili.

"Neno gani? Ningekuwa na neno, ningelitumia kwa mume wangu! Nilimlisha ndani ya trela siku tatu. Siku ya kwanza alikula akiwa nje, shingo tu ndiyo ndani. Siku ya tatu alikuwa ndani mzima, ananiuliza chakula kiko wapi. Hiyo ndiyo siri yote, njaa na subira."

Kuhusu Wino, anazungumza kwa shida zaidi.

Miaka kumi na mmoja iliyopita alimpandisha kwenda mashindanoni. Asubuhi hiyo walikuwa wamechelewa. Alikagua magurudumu, akakagua taa, akakagua ndoano inayoshika trela na gari. Sakafu ilifunikwa mpira, hakuufunua. Chini yake mbao zilikuwa zimeoza kwa mkojo wa miaka. Safari ikiwa katikati, ubao mmoja ulivunjika na mguu wa nyuma wa Wino ukatumbukia. Dereva alisikia kishindo, akasimama. Mguu ulipona baada ya miezi saba. Woga haukupona.

"Aliniamini, akapanda," anasema. "Wala hakusita. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mbishi siku ile, angekuwa salama."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Wino alianza kutetemeka hata trela likipita barabarani nje ya ukuta. Tangu hapo hakutoka zizini.

Zizi lilipouzwa, daktari wa mifugo mmoja mstaafu, mwanamke mwenye shamba la malisho mwendo wa saa nne kutoka hapa, alikubali kumpokea. Wanaume walijaribu kwa kamba mbili na mjeledi. Wino alisimama kwa miguu ya nyuma, akaanguka ubavu, akapasuka juu ya jicho. Bi Hatua aliomba siku kumi na nne. Akapewa tisa.

Siku ya kwanza trela liliegeshwa tu uani, naye akamsugua Wino mbali nalo, wameligeuzia mgongo. Siku ya nne mnyama alinusa ubao. Siku ya sita aliweka kwato moja juu yake, akaitoa. Jana aliingia nusu, akarudi nyuma mbio.

Leo ni ya tisa.

Dereva, mwanamume wa makamo mwenye kitambi na huruma nyingi, anatazama saa. "Shangazi, tumpitishe kamba nyuma, tumvute kidogo tu. Asante ya punda ni mateke, sembuse farasi!"

"Wewe kaa mbele nikuone," anajibiwa. "Nyuma ya farasi pana mlango wa hospitali."

Mume wake, fundi wa kwato mstaafu, amekuja na chupa ya chai na kiti cha kukunja. Amekaa pembeni, magoti yake mabovu ameyanyoosha. "Mimi nilimposa huyu mama siku moja, akakubali," anamwambia dereva. "Farasi anaposwa wiki ya pili."

"Nilikubali kwa sababu uliacha kuongea," mkewe anajibu bila kugeuka.

Trela limeungwa kwenye gari na magurudumu yamezibwa kwa vipande vya mbao. Kizuizi cha katikati kimesukumwa kando ili nafasi iwe pana. Mlango mdogo wa mbele uko wazi, mwanga unapita, kusiwe kama pango. Sakafuni ametandaza majani makavu kutoka chumba cha Wino mwenyewe.

Anasimama begani kwa farasi, kamba mkononi imekunjwa. "Hatua moja."

Wino anaweka mguu. Kabla hajataka kurudi, Bi Hatua mwenyewe anamrudisha. Tena. Miguu miwili, anamrudisha. Miguu mitatu, anamrudisha.

"Mbona unamtoa?" dereva anashindwa kuvumilia.

"Akijua kurudi ni ruhusa, hatarudi kwa kukimbia."

Mara ya saba, Wino anasimama katikati ya ubao. Mwili mzima unatetemeka, pua zimetanuka. Bi Hatua havuti. Anaweka kiganja shingoni, chini ya singa, na kusimama naye. Dakika zinapita. Mumewe ameacha kunywa chai. Kisha farasi anashusha kichwa, anatoa pumzi ndefu, na kuingia.

Hakuna anayeshangilia. Fundi anainuka na magoti yake, anafunga ufito wa nyuma polepole, kisha wanainua ubao. Hapo tu ndipo Bi Hatua anapofunga kamba ya kichwani, kwa fundo la kufunguka kwa mkupuo mmoja. Kwanza nyuma, ndipo kichwa. Akifungwa kichwa nyuma kukiwa wazi, anaweza kujivunja shingo. Anatokea mlango mdogo wa mbele, uso umelowa.

Ni dakika arobaini na saba tangu aanze.

Mwenye zizi, sasa mzee wa miaka themanini, alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi tupu na funguo mkononi. Anakuja taratibu. "Binti saisi," anamwita, kama alivyomwita zamani. "Nilidhani nauza ardhi tu." Bi Hatua anamshika mkono, na wote wawili wanatazama ua usio na mlio wa kwato.

Saa tisa alasiri, baada ya kusimama mara tatu njiani kumpa maji, trela linaingia malishoni. Wino anashuka kinyumenyume, anatazama huku na huku, anatembea hatua chache, kisha analala chini na kugaagaa kwenye majani mabichi, miguu juu, kama mtoto wa farasi.

Dereva anataka kugeuza aondoke. Bi Hatua anamwomba aende na gari, aliache trela.

Madereva wanne wanaosafirisha ng'ombe na punda wamekubali kuja hapa mwezi ujao wafundishwe kupakia bila fimbo, na daktari mstaafu amempa yeye na mumewe nyumba ndogo ya wafanyakazi. Lakini hayo, anasema, yatakuja kwa zamu yake.

"Leo amepanda kwa kuwa hatukuwa na njia nyingine, naye alijua. Wanajua. Kesho nitalifungua trela hapo kwenye majani, nikae nje. Hatuendi popote. Nataka siku moja nimkute humo ndani peke yake, amejificha jua, anasinzia."

Anamtazama yule mweusi akijikung'uta vumbi.

"Hata ikinichukua mwaka," anasema. "Sasa hakuna anayetuhimiza."